Naanza chuo, nguo ninazo ila haziendani. Kwa bajeti ndogo mtu aanze kununua nini?

kijana_wa_begi

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa wanaume mliopita chuo au mpo chuo sasa hivi. Nakaribia kuanza mwaka wa kwanza na nikifungua begi langu nguo zipo, ila ikija kwenye kuvaa nitoke nakwama maana hakuna inayoendana na mwenzake. Nina tisheti nyingi za maandishi na mapicha makubwa kifuani, jinzi mbili za kuchanwa magotini, kadeti moja ya kijani ya jeshi kaka yangu kanipa inanipwaya kiunoni, shati jeupe moja la shule na raba nyekundu. Basi.

Hela ni kidogo na haitakuja yote kwa mpigo, itakuwa inakuja kidogo kidogo, kwahiyo siwezi kuingia dukani siku moja nikamaliza kila kitu. Nataka nguo chache ambazo naingia nazo darasani, nasimama nazo kuprizenti mbele ya watu, naenda nazo intavyuu ikitokea, na wikendi natoka nazo na wenzangu, bila kuwa na kabati limejaa. Nianze na nini? Kipi kinaweza kusubiri? Na suti je, ni lazima? Sitafuti mbwembwe, nataka tu nionekane nadhifu na nisiwe nawaza nguo kila asubuhi.

mdau_wa_maktaba

Karibu chuo mdogo wangu, umeuliza kwa wakati, kabla hela haijatoka mfukoni.

Kwanza acha kufikiria nguo mojamoja, anza na rangi. Suruali zako kwa mwaka huu wa kwanza ziwe kwenye rangi tatu tu, bluu iliyokolea, kijivu na kaki. Juu weka nyeupe, bluu bahari, kijivu chepesi, alafu moja au mbili za rangi unayoipenda mwenyewe, damu ya mzee, kijani kilichokolea, yoyote ile ilimradi ikae vizuri juu ya zile suruali tatu. Ukishafanya hivo huna haja ya kuwa na jicho la mwanamitindo, unatoa nguo gizani na bado unatoka vizuri.

Angalia hesabu yake. Nguo za juu sita na suruali tatu, kama kila moja inaenda na kila moja, una mavazi 18 tofauti. Ongeza viatu jozi mbili yanakuwa 36. Sasa chukulia suruali moja kati ya hizo inaenda na nguo mbili tu za juu, ile 18 inashuka inakuwa 14 hapohapo, na hela ya suruali umelipa ileile. Ndo maana mtu ana nguo thelathini na kila siku analalamika hana cha kuvaa, na mwingine ana tisa unamuona yuko vizuri wiki nzima.

Kwahiyo ukiwa dukani kabla hujatoa hela jiulize hii itavaliwa na vitu gani vitatu ambavyo tayari ninavyo nyumbani. Vikikosekana vitatu rudisha, hata kama bei imeshushwa nusu. Bei ya kweli ya nguo ni ile uliyolipa ugawanye kwa mara utakazoivaa, raba ya bei kubwa unayoivaa mwaka mzima ni rahisi kuliko shati la bei ya kutupa ulilolivaa mara mbili.

Kadeti yako ya kijani usiitupe. Kijani cha jeshi kinakaa na nyeupe, kijivu, bluu iliyokolea, mpaka nyeusi. Hiyo ndo suruali yako ya kwanza na umeipata bure, ipeleke tu kwa fundi. Raba nyekundu ndo itakusumbua kwasababu inachagua nguo, iweke kwa mazoezi. Suti waache wengine wakuambie, mimi naona mwaka wa kwanza hapana.

fundi_uzi

Nashona na kurekebisha nguo za watu, acha niseme upande wangu maana hapa ndo vijana wengi wanapoteza hela. Nguo ya bei ndogo iliyokaa mwilini inaishinda nguo ghali inayopwaya, na wala sisemi ili nipate kazi, kajionee mwenyewe kwenye kioo.

Ukiwa unanunua shati au koti angalia mabega KWANZA. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia, ukishuka kwenye mkono nguo ni kubwa, ukipanda kuelekea shingoni ni ndogo. Bega likikosea achana nayo, kulirekebisha ni kufumua nguo yote na kwa koti gharama yake inakaribia koti lingine. Vingine vyote vinaongeleka. Shati pana kiunoni tunalikusanya pembeni au tunatia mikunjo miwili mgongoni, mkono mrefu unapunguzwa, suruali inapunguzwa kiuno na kubanwa kuanzia goti kushuka chini, pindo linakatwa. Kuongeza ndo mtihani. Geuza suruali ndani nje pale nyuma katikati ya kiuno, ukikuta kitambaa cha akiba kimekunjwa ndani ujue inaweza kutanuliwa, usipokikuta basi hapo hakuna cha kufanya.

Kwahiyo kati ya suruali inayokupwaya kidogo na inayokubana kidogo chukua inayopwaya. Ya kwako ya kijani nenda nayo umevaa mkanda na viatu utakavyovalia, ili fundi apime urefu sawasawa, pindo liguse kiatu kwa juu tu kitambaa kisijikusanye kifundoni. Na mwambie pindo aache akiba ndani hata sentimita 4, nguo ya pamba ikiingia maji inaweza kurudi.

Shati likishafungwa kifungo cha juu vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Alafu nyanyua mikono yote juu, kama shati lote linachomoka kwenye suruali hilo ni fupi, utakuwa unalichomekea kutwa nzima na siku ya kuprizenti ndo utajuta.

Na jinzi. Angalia pembe za mifuko, uone vile vibati vidogo vya shaba au uzi mnene ulioshonwa kwa kurudiarudia mahali pamoja. Hiyo sio urembo. Fundi mwenzetu Jacob Davis kule Marekani ndo alianza kupigilia vibati kwenye suruali za wafanyakazi kwasababu mifuko ilikuwa inachanika, akaungana na muuza vitambaa Levi Strauss wakapata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wao, mwaka 1873. Jinzi isiyo na kibati wala uzi wa kukazia hapo itaanza kuachia mfukoni, na ukitia simu kila siku ndo mapema zaidi.

suruali_nyeusi

Nampinga mdau wa maktaba kwenye jambo moja. Umeiacha nyeusi kabisa na mimi naona suruali nyeusi ndo inaokoa mtu mwenye hela ndogo kuliko hiyo kaki. Kaki inashika uchafu, ukikaa kwenye ngazi za chuo ushachafua, ukimwagikiwa chai imeisha siku yako. Nyeusi unavaa darasani na tisheti, jioni unavaa na shati, intavyuu unavaa na koti. Viatu vyeusi mkanda mweusi, huumizi kichwa.

mdau_wa_maktaba

@suruali_nyeusi nakuelewa ila nyeusi ya bei ndogo ina tatizo lake, inapauka haraka na ikishapauka haifichi, unaona magotini imekuwa kijivu huku mifukoni bado nyeusi, na ukiivaa na koti jeusi la kitambaa kingine weusi unatofautiana kila mtu anaona. Vumbi nalo linaonekana kwenye nyeusi kuliko kwenye kijivu. Bluu iliyokolea inafanya kazi zote ulizotaja na ikipauka inabaki bado ni bluu ya kupendeza. Ila kwa viatu na mkanda nakubali, kama unanunua jozi moja tu ya ngozi nunua nyeusi, intavyuu yoyote inaingia.

suruali_nyeusi

Sawa kwa jinzi nakubali, jinzi iwe bluu. Ila ile suruali ya kitambaa, ya heshima, bado nasema nyeusi au kijivu cha mkaa. Dogo chagua mwenyewe, yoyote kati ya hizo haitakuangusha.

dada_wa_pasi

Samahanini naingilia, mmeuliza wanaume ila nina wadogo zangu wawili wa kiume nimewatayarisha kwenda chuo na nguo zao nimezifua kwa mikono hii, kuna vitu hamjavigusa.

Mdogo wangu nguo zako mpya zitaharibikia kwenye ndoo kabla hazijaharibikia mwilini. Jinzi na tisheti za rangi zigeuze ndani nje kabla hujafua, tumia maji ya baridi, na zianike kivulini zikiwa bado zimegeuzwa. Jua kali ndo linapausha, na ile tisheti nyeusi inayogeuka rangi ya kutu mabegani ni jua la kamba hilo. Nguo mpya ya rangi iliyokolea fua peke yake mara za mwanzo uone kama inachuja. Nyeupe usichanganye na kitu chochote hata soksi moja ya bluu.

Lingine ni zile alama za njano kwapani kwenye nguo nyeupe. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina madini ya aluminiamu, yakikutana na jasho yanaganda kwenye pamba polepole inakuwa njano na ngumu. Vijana wakiona hivo wanamwagia dawa ya klorini, na klorini hapo inazidisha unjano, nguo inakwisha. Loweka hapo kwapani kwenye magadi soda na sabuni ya kipande saa moja hivi, sugua taratibu na mswaki wa zamani, alafu suuza. Na ukipaka dawa ya kwapa subiri ikauke ndo uvae.

Kitambaa nacho soma lebo ya ndani. Tisheti ya poliesta tupu inakauka haraka kweli ila inashika harufu, mafuta ya mwili yananata kwenye nyuzi zake na hata ukifua bado ukianza kutoka jasho inarudi. Kwa darasani chukua pamba, au mchanganyiko ambao pamba ndo nyingi. Na tisheti ya pamba usinunue nyepesi ya kuona mkono kwa upande wa pili, tia mkono ndani inyooshe kwenye mwanga uone, ikionyesha vidole acha. Wauzaji wengine wanaandika uzito wake, gramu 180 mpaka 200 kwa mita ya mraba hiyo inakaa, kola haijipindi ikawa kama jani la mwani baada ya kufuliwa.

Na tafadhali boksa na soksi zitoshe wiki nzima na za akiba, za rangi moja. Soksi zote nunua zinazofanana, nyeusi tupu, hutatafuta mwenzake wa kushoto asubuhi una kipindi. Watu wanatumia hela yote juu alafu ndani wanavaa vitu vimetoboka, mimi naona sio sawa, nguo ya ndani safi ndo inakupa kujiamini.

mwaka_wa_tatu

Nipo chuo sasa hivi. Ya rangi na fundi yamesemwa vizuri mno, mimi niongee mtumba na suti.

Mtumba ndo rafiki yako, hasa mashati, makoti na jinzi, maana nguo iliyofuliwa sana ikabaki nzima imeshajaribiwa na mtu mwingine, kama ni ya kurudi ilisharudi na kama ni ya kuchuja ilishachuja. Ila unakagua. Shati angalia ndani ya kola na kwapani, jinzi iweke kwenye mwanga uangalie katikati ya mapaja pale panaposuguana, hapo ndo panaisha kwanza na muuzaji hawezi kukuonyesha. Vuta zipu mara kadhaa, hesabu vifungo. Namba za lebo usiziamini, kila kiwanda kina saizi zake. Mimi natembea na futi ya fundi mfukoni. Nimepima shati langu linalonikaa vizuri, kwapa mpaka kwapa likiwa limelazwa, na jinzi yangu kiuno na urefu wa ndani, nimeandika kwenye simu. Nikikuta nguo naipima hapohapo sihitaji hata kuivaa. Na makoti ukikutana na namba mbili usichanganyikiwe, 50 ya Ulaya ni 40 ya Uingereza, tofauti yake ni 10.

Viatu vya mtumba mimi navikwepa kidogo, soli ikishakaa kwa mguu wa mtu mwingine haikusikilizi. Hapo weka hela mpya.

Mashati tafuta kitambaa kinachoitwa Oxford, ni kile kizito kidogo, ukikisogeza karibu na jicho unaona vimraba vidogovidogo kama uzi mweupe na wa rangi vimesukwa pamoja. Kizuri chake hata ukilipiga pasi haraka haraka halionekani limekunjamana kama yale mashati laini membamba, na unalivaa juu ya jinzi mikono umekunja, au umechomekea kwenye suruali ya kitambaa, shati hilohilo. Nyeupe moja na bluu bahari moja zinatosha kabisa kwa kuanzia.

Suti usinunue mwaka wa kwanza. Mabega na kifua kwa umri wetu bado vinatanuka, na fundi ameshasema bega halirekebishiki, kwahiyo unanunua leo mwaka wa mwisho ukiihitaji kweli haifungi. Kwa sasa tafuta koti moja la bluu iliyokolea lisilong'aa, ukilivaa na suruali ya kijivu na shati jeupe unaingia intavyuu yoyote ya mafunzo ya kazi, ukilivaa na jinzi na tisheti nyeupe unatoka jioni. Ukilifunga kifungo likajivuta na kuchora alama ya X tumboni linakubana. Mkono uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono ili shati lichungulie kidogo, sentimita 1 hivi. Suti kamili nunua mwaka wa mwisho, na kama katikati itahitajika ghafla azima kwa mwenzako wa mwili kama wako, watu wanaazimana sana bweni wala hakuna aibu.

kijana_wa_begi

Wakuu asanteni sana, sikutegemea kupata maelezo ya namna hii. Nimeitoa kadeti nimeigeuza kama fundi alivyosema, imekaa vizuri mapajani shida ni kiuno tu, naipeleka kesho. Shati la shule nimelikagua, kola ya ndani imesuguka nyuzi zimetoka.

Sasa niulize. Hela ya mwezi huu inatosha vitu viwili vya maana na kidogo cha fundi. Ninunue nini hivyo viwili? Na hizi jinzi za kuchanika na tisheti za mapicha nizifanyeje, zinavalika chuo?

mdau_wa_maktaba

Jinzi ya bluu iliyokolea isiyochanika, isiyobana kama modo wala isiyo pana sana, iliyonyooka. Na raba nyeupe isiyo na maandishi makubwa. Ukiwa na hizo mbili na kadeti ya kijani iliyotoka kwa fundi, tayari una suruali mbili na kiatu kinachoenda na zote, hata tisheti yako yenye picha moja ya heshima inavalika hapo. Mwezi ujao mashati ya Oxford kutoka mtumbani na tisheti mbili za rangi tupu, baada ya hapo suruali ya kijivu, viatu vya ngozi na mkanda. Koti liwe la mwisho.

Jinzi za kuchanika vaa wikendi hakuna tatizo, kuprizenti nazo ndo usithubutu. Tisheti za mapicha chagua chache unazozipenda kweli ubaki nazo, zingine ni za kulalia na mazoezi.

dada_wa_pasi

Na jinzi hizo angalia lebo, kama ina elastane, ile inayofanya ivutike, asilimia 1 au 2 inatosha. Ikizidi sana magoti yanatoka mifuko. Usiifue kwa maji ya moto wala usiikaushe kwa joto kali, ule uzi unaovutika unakufa kwa joto.

Shati la shule kama kola ndo tatizo peke yake muulize fundi, kola inafumuliwa inageuzwa upande wa pili inashonwa tena.

fundi_uzi

Kweli kabisa dada, kola inageuzwa na ni kazi ndogo, upande uliokuwa umefichwa unakuwa mzima. Ila nembo ya shule kama imeshonwa mfukoni nayo itolewe, na ukiitoa taratibu kwa wembe uzi kwa uzi hautaacha tundu. Lete vyote pamoja na hiyo kadeti uelewane bei moja.

kijana_wa_begi

Nembo ipo kweli, imeshonwa kwa uzi. Basi nitampelekea vyote viwili. Raba nyeupe si itachafuka upesi lakini?

mwaka_wa_tatu

Itachafuka ila inasafishika. Chukua yenye uso wa ngozi au ngozi bandia, sio kitambaa, unapangusa na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo jioni unapovua, imeisha. Kamba zitoe uzifue na nguo nyeupe. Ikilowa mvua ijaze magazeti ndani ikauke kivulini, usiianike juani, gundi ya soli inaachia. Na ukipata jozi ya pili uwe unapishanisha, kiatu kilichovaliwa kutwa kinataka siku nzima kutoa jasho.

Ukienda kununua nenda jioni kama unaweza, mguu unavimba kidogo kadri siku inavyokwenda, na beba soksi utakazovalia. Jaribu miguu yote miwili usimame nayo, watu wengi mguu mmoja umeuzidi mwenzake kidogo, unanunua saizi ya ule mkubwa.